James Barry, Fundi wa Sanamu

James Barry alizaliwa mwaka 1741 katika mji wa Cork, upande wa kusini wa nchi ya Ireland. Baba yake alikuwa na chombo cha baharini, akichukua bidhaa kati ya Ireland na Uingereza. Alitaka mwanawe awe baharia kama yeye, akamchukua safarini mara kadhaa. Lakini mtoto hakupenda kamba wala tanga. Alipewa kazi, na baada ya kitambo alionekana ameinama juu ya mbao za chombo, kipande cha chaki mkononi, anachora watu na pwani walizokuwa wakizipita. Mwisho baba alichoka, akamwacha abaki nyumbani na vitabu vyake. Usiku kijana aliwasha mshumaa, akasoma na kuchora wakati wenzake walipokuwa wamelala.

Mama yake alikuwa Mkatoliki, na James alishika dini hiyo mpaka kufa. Jambo hili halikuwa rahisi. Siku zile Ireland ilitawaliwa na Waingereza, na sheria zao ziliwabana Wakatoliki sana. Mkatoliki hakuwa na ruhusa ya kuingia katika baraza la nchi, wala ya kuwachagua wanaoingia, wala ya kupata kazi kubwa ya serikali. Mtoto aliyekua chini ya sheria kama hizo hujifunza mapema kutomwamini mkubwa yeyote. Barry alijifunza hivyo, na somo hilo lilimsaidia mara moja moja, likamdhuru mara nyingi.

Mwaka 1763 alikwenda Dublin, mji mkuu wa nchi yake, akachukua sanamu ya rangi aliyoichora mwenyewe. Ilimwonyesha Mtakatifu Patriki akimbatiza mfalme wa Cashel. Wazee wa Ireland husimulia kwamba Patriki, katika kuweka fimbo yake ya kiaskofu chini, aliichoma kwa bahati mbaya katika mguu wa mfalme. Damu ikatoka, lakini mfalme hakusema neno, kwa maana alidhani kwamba maumivu hayo ni sehemu ya ubatizo. Barry alichora saa ile ile: askofu hajui lolote, mfalme ametulia, na watu wa kando wanaiona damu na kushtuka. Sanamu ilitundikwa mahali pa maonyesho, na watu wakakusanyika mbele yake wakiulizana fundi ni nani. Inasimuliwa kwamba kijana maskini wa miaka kama 22, mwenye nguo za kishamba, alisema kuwa ni yeye. Hawakumsadiki. Basi machozi yakamtoka, akakimbia nje.

Mtu mmoja mwenye elimu, Edmund Burke, naye mwana wa Ireland, alipata kumjua. Akamleta London mwaka 1764, kisha yeye na jamaa yake wakamlipia gharama ya kwenda Paris na Roma kujifunza. Barry alikaa Ulaya ya bara miaka zaidi ya mitano. Huko Roma alitazama kuta za Vatikano, zilizopambwa na Raffaello na Michelangelo, akaona kwamba sanamu kubwa ya ukutani ni kazi ya juu kupita zote. Sanamu ndogo hutundikwa nyumbani kwa tajiri, akaitazama yeye na wageni wake. Ukuta wa mahali pa watu wote hutazamwa na watu wote.

Lakini huko huko Roma aligombana na wenzake. Burke alipopata habari alimwandikia barua ya kumwonya, kama baba anavyomwonya mwanawe. Alimwambia kwamba akiendelea kupigana na kila mtu, ataishia katika dhiki, na ufundi wake hautamwokoa. Barry aliipokea barua hiyo kwa heshima. Hakuifuata.

Alirudi London mwaka 1771. Upesi alikubaliwa katika Royal Academy, yaani chuo cha mfalme cha mafundi wa sanamu. Mwaka 1773 yeye na wenzake wachache walijitolea kulipamba kanisa kubwa la Mtakatifu Paulo la London bila mshahara. Askofu wa Kiprotestanti wa mji ule alikataa. Katika nchi ile wengi waliogopa kwamba sanamu kanisani zitawarudisha watu katika desturi za Kikatoliki. Barry alisikitika sana; alikuwa amekwisha fikiri atakachochora.

Kulikuwa na chama kimoja London kilichoitwa Society of Arts. Kazi yake ilikuwa kuwapa zawadi watu waliovumbua vitu vya kufaa: mwenye kupanda miti mingi, mwenye kutengeneza chombo kipya, kijana au msichana mwenye kuchora vizuri. Chama hiki kilijenga nyumba mpya yenye ukumbi mkubwa, na kuta zake zilikuwa tupu. Mwaka 1774 kiliwaomba mafundi wa Royal Academy waje kuzipamba, wakakataa. Basi mwaka 1777 Barry alikuja peke yake, akasema atazipamba zote bila malipo. Aliomba mambo mawili tu: Chama kimpe turubai, rangi na watu wa kumsimamia ili awachore, tena mtu yeyote asimwingilie katika kuchagua mambo ya kuchora. Wakakubali. Siku alipoanza alikuwa na shilingi 16 mfukoni, wala pauni moja haikutimia.

Kazi ilikuwa ya sanamu sita za kuuzunguka ukumbi mzima. Mbili kati yake zina urefu wa zaidi ya meta 12. Katika ya kwanza, Orfeo wa masimulizi ya Wagiriki anawaimbia watu wakaao porini, akiwafundisha. Ya pili ni sherehe ya mavuno. Ya tatu ni washindi wa michezo ya Olimpia wakivikwa taji, na hapo, katika uso wa fundi mmoja wa kale, Barry alichora uso wake mwenyewe. Ya tano ni Chama kikigawa zawadi, na ya sita ni watu wakuu wa nyakati zote wamekusanyika mbinguni. Maana ya zote ni moja: kwamba heri ya mtu na ya nchi hutoka katika kuikuza akili na kuiongoza vema.

Ya nne yastahili neno lake. Inaonyesha mto Thames wa London kama mzee anayepelekwa majini, na mabara ya dunia yanamletea mali yao. Watu wengi waliicheka, kwa sababu kati ya mabinti wa maji walio uchi Barry alimweka mwanamuziki Charles Burney, rafiki yake, na nguo zake zote na nywele zake za bandia. Walicheka kwa haki. Lakini katika sanamu ile ile Afrika ameonyeshwa kama mtumwa mwenye huzuni. Wakati ule meli za Waingereza zilikuwa zikichukua maelfu ya Waafrika utumwani kila mwaka, na wenye mali waliokuja ukumbini walijua vizuri fedha zao zilitoka wapi. Barry aliwaweka jambo hilo mbele ya macho.

Alifanya kazi hii karibu miaka saba. Mchana alisimama juu ya jukwaa la mbao, akipaka rangi. Usiku ilimpasa kutafuta chakula, kwa kuwa ukuta haukumpa hata senti. Basi alikaa mezani kwake akichora sanamu ndogo za kupigwa chapa, akaziuza kwa wenye maduka ya sanamu. Watu wa Chama walimwona akikonda. Aliomba msaada kidogo, nao walikawia kumpa. Baadaye walimpa zawadi ya fedha na nishani ya dhahabu.

Mwaka 1783 ukumbi ulifunguliwa. Kila mtu alilipa shilingi moja mlangoni, na fedha zilikuwa za Barry. Mzee mmoja mkarimu, Jonas Hanway, alipokwisha kutazama, alikataa kutoka kabla hajalipa guinea nzima, yaani shilingi 21, kwa maana aliona shilingi moja ni aibu. Maonyesho ya mwaka ule na ya mwaka uliofuata yalimpa Barry zaidi ya pauni 500. Aliziweka akiba, zikamsaidia kwa miaka mingi.

Lakini mtu aliyekaa Cork au Paris hakuweza kusafiri mpaka London kutazama ukuta. Kwa hiyo Barry alitangaza kwamba atatengeneza sanamu zote sita kwa chapa, na wanaozitaka waandike majina yao.

Kazi hiyo hufanywa hivi. Fundi huchukua kibao cha shaba nyekundu kilicholainishwa sana, akakipaka nta. Juu ya nta huchora kwa sindano, na mahali sindano inapopita shaba huonekana. Kisha humwagia dawa kali, inayokula shaba pale tu nta ilipoondolewa. Akiondoa nta yote, mchoro umebaki ndani ya shaba kama mifereji myembamba. Hupaka wino, hupangusa juu ili wino ubaki mifereji tu, huweka karatasi yenye unyevu, na kuvipitisha vyote chini ya gurudumu zito la mashine. Karatasi hutoka na sanamu, nayo imegeuka: mkono wa kuume umekuwa wa kushoto. Kwa hiyo fundi lazima achore kinyume tangu mwanzo. Kibao kimoja hutoa karatasi nyingi, hata mtu asiye tajiri aweza kununua moja.

Mafundi wengine wa rangi waliwapa wengine kazi hii. Barry alikataa. Alichora shaba kwa mkono wake, akapiga chapa nyumbani mwake kwa mashine yake. Walioandika majina walingoja karibu miaka tisa; mwaka 1792 ndipo sanamu zilipotoka. Wengine walinung'unika kwamba mistari yake ni ya nguvu mno, si laini kama ya mafundi wa chapa. Ni kweli si laini. Bali ina nguvu ya mkono uliochora ukuta wenyewe.

Na chapa ilimpa jambo ambalo ukuta haukumpa. Katika sanamu ya mbinguni alikuwa amemchora William Penn, Mwingereza aliyeanzisha nchi ya Pennsylvania huko Marekani, kama mtu wa kwanza kutunga sheria ya kumwacha kila mmoja amwabudu Mungu bila kuteswa. Baadaye Barry alisoma zaidi, akaona kwamba kabla ya Penn alikuwako Mkatoliki, Cecilius Calvert, aliyeitwa Lord Baltimore. Katika nchi yake ya Maryland, Wakristo wa madhehebu mbalimbali waliruhusiwa kukaa pamoja, na sheria ya mwaka 1649 ililiandika jambo hilo. Basi mwaka 1793 Barry alitengeneza kibao kipya cha sehemu ile, akamweka Calvert mbele na Penn nyuma yake. Katika kibao kingine alimchora Bartolomé de Las Casas, Mdominiko aliyewatetea Wahindi wa Amerika mbele ya wafalme wa Hispania. Mtoto wa Cork hakusahau sheria za nyumbani kwake.

Tangu mwaka 1782 alikuwa mwalimu katika Royal Academy. Katika mafundisho yake aliwasema wenzake mbele ya wanafunzi, na mwaka 1798 aliandika kitabu cha kuwashtaki. Katika mambo kadhaa alisema kweli, kwa mfano alipodai fedha za chuo zitumiwe kuwafundisha vijana. Lakini ulimi wake ulikuwa mkali kuliko haki yake. Mwaka 1799 walipiga kura kumfukuza, na mfalme akakubali. Zaidi ya miaka 200 ilipita kabla chuo hicho hakijamfukuza mwingine.

Alikaa peke yake Castle Street, katika nyumba yenye madirisha yaliyovunjwa kwa mawe ya watoto wa mtaani. Husimuliwa kwamba zamani Burke, aliyekuwa sasa mkubwa katika baraza la nchi, alitaka kula kwake. Barry alimwasha moto, akamtia koleo mkononi ageuze nyama, naye akaenda kununua pombe. Aliporudi alilalamika kwamba upepo umepeperusha povu lote. Mkubwa yule aligeuza nyama vizuri, akasema baadaye kwamba hakupata kula chakula kitamu kama kile. Lakini Burke alikufa mwaka 1797, na baada yake walikuwa wachache waliojua njia ya kumfikia Barry.

Wale wa Society of Arts hawakumsahau. Mwaka 1805 walikusanya pauni kama 1,000, ili apate fedha kidogo kila mwaka za kumtunza uzeeni. Hakuzila. Mwezi wa pili wa mwaka 1806 alishikwa na homa katika nyumba ya kulia chakula. Rafiki walimpeleka kwake, wakakuta watoto wamejaza takataka katika tundu la ufunguo, mlango haufunguki. Wakamlaza kwingine, akafa siku ya 22 ya mwezi ule, malipo ya kwanza hayajamfikia.

Maiti yake iliwekwa katika ukumbi mkubwa, kati ya sanamu zake sita, watu wakaja kumwaga. Kisha ikapelekwa kuzikwa katika kanisa la Mtakatifu Paulo, lile alilokatazwa kulipamba. Sanamu zingali ukutani katika nyumba ile ile ya London, na karatasi zake za chapa zimehifadhiwa katika nchi nyingi.