Bibi Rosa Bonheur na Mgeni Wake

Mwalimu wetu wa sanaa amebandika ukutani nakala ya picha ya bibi mmoja wa Kifaransa, mwenye mvi zilizokatwa fupi, ameketi mbele ya picha ya farasi isiyokwisha. Kwa muda mrefu nilidhani ni mama wa mfalme fulani. Kumbe ni Rosa Bonheur, mchoraji wa wanyama, na aliyemchora, mwaka 1898, ni mchoraji mwenzake, Anna Klumpke wa Marekani.

Rosa alizaliwa Bordeaux mwaka 1822. Kusoma kulimshinda, hata mama yake akabuni njia: kila herufi achore mnyama ambaye jina lake huanza na herufi hiyo. (Mimi niliyewahi kuadhibiwa kwa kuchora ng'ombe katika daftari la hesabu, habari hii ilinifurahisha sana.) Mama huyo alifariki Rosa akiwa na miaka 11. Baba yake, naye mchoraji, ndiye aliyemfundisha kazi. Alikwenda machinjioni Paris kutazama mifupa na misuli, na katika mnada wa farasi alivaa suruali ili wanaume wasimsumbue. Siku hizo mwanamke wa Paris hakuruhusiwa kuvaa suruali bila kibali cha polisi! Picha yake ya mnada huo, yenye upana wa mita 5, ilionyeshwa mwaka 1853 ikamletea sifa kubwa.

Hakupenda kuchorwa ovyo. Mwaka 1857 Édouard Dubufe alimchora ameegemea meza. Meza ikamchosha, akachora fahali mahali pake.

Mwaka 1889 alifariki Nathalie Micas, rafiki aliyeishi naye tangu ujana, na nyumba yao ya By, karibu na msitu wa Fontainebleau, ikawa kimya. Ndipo alipokuja Anna kuomba ruhusa ya kumchora. Anna alikuwa na miaka 41, akichechemea tangu utoto. Mwenyeji wake alikuwa na miaka 76. Rosa aliacha suruali zake za kazi, akaketi katika mavazi ya kike. Siku za kuchora ziliongezeka, na nadhani bibi hakuwa na haraka hata kidogo. Mwishowe alimwomba mgeni asiondoke.

Hawakukaa pamoja hata mwaka mzima. Rosa alifariki mwezi wa Mei, 1899, akamwachia Anna mali yake yote. Jamaa walikasirika, wala siwalaumu sana. Anna aliuza picha kwa mnada Paris mwaka 1900, akawagawia nusu ya fedha.

Picha ile hakuiuza. Mwaka 1922 aliitoa zawadi kwa jumba la makumbusho la New York ambalo lilikuwa na ile ya mnada wa farasi. Ukipita chumba cha sanaa, itazame: bibi anamtazama mchoraji wake kama mtu anayesubiri jibu.