Denis Burkitt: Mpasuaji wa jicho moja aliyeisaka saratani ya watoto kwa ramani

MNAMO 1957, katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa na mwenzake, Hugh Trowell, amtazame mvulana wa miaka mitano ambaye uso wake ulikuwa umevimba vibaya. Taya zote mbili zilikuwa zimefura, ya juu na ya chini, kulia na kushoto, na meno yalikuwa yamelegea. Jambo hilo lilimtatiza Burkitt. Jipu haliwezi kushambulia pembe nne za taya kwa pamoja, na saratani kwa kawaida huanzia mahali pamoja.

Wiki chache baadaye alizuru hospitali ya Jinja. Alipochungulia dirishani, alimwona mama ameketi nyasini na mtoto wake wa kike, na uso wa mtoto huyo ulikuwa umevimba kwa namna ile ile. Akatoka nje upesi. Alipompima, akagundua kwamba alikuwa na uvimbe tumboni pia. Tangu hapo Burkitt hakutulia. Alirejea Mulago akaanza kufukua majalada ya wagonjwa, na humo akakuta watoto wengi waliokufa kwa uvimbe wa taya, figo, ini na viungo vingine. Kila uvimbe ulikuwa umeandikwa kama maradhi ya aina yake. Yeye aliona kuwa ni ugonjwa mmoja.

Ni haki kusema kwamba hakuwa wa kwanza kuuona. Daktari mmishonari Albert Cook, mwanzilishi wa hospitali ya Mengo, alikuwa ameandika habari za watoto wa namna hiyo miongo mingi kabla yake. Na wazazi wa maeneo hayo waliujua ugonjwa huo kabla ya madaktari wote, ingawa majina yao hayakuingia vitabuni. Alichokileta Burkitt ni swali ambalo wengine hawakuliuliza: ugonjwa huu uko wapi, na wapi haupo?

Swali hilo lilikuwa na asili yake. Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911, mjini Enniskillen, Ireland. Babake alikuwa mhandisi wa wilaya ambaye wakati wa mapumziko aliwavalisha ndege wa bustanini vipete miguuni, kisha akachora ramani ya eneo la kila mmoja. Huenda mtoto aliirithi tabia hiyo ya kutazama kitu na mahali kilipo. Akiwa na umri wa miaka 11 alipigwa jiwe, miwani yake ikavunjika na akapoteza jicho la kulia. Aliingia chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi, lakini punde akageukia udaktari na kufuzu 1935. Alipoomba kazi ya serikali katika Afrika Magharibi alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita Vikuu vya Pili ndivyo vilivyomfungulia mlango, kwani alitumikia jeshi la Uingereza kama daktari Kenya, Somalia na Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka.

Mwaka wa 1946 alitumwa Lira, kaskazini mwa Uganda. Huko aliona kuwa ugonjwa wa busha ulikuwa wa kawaida upande mmoja wa wilaya ya Lango na nadra upande wa pili, akauchorea ramani. Miaka miwili baadaye alihamishiwa Mulago.

Makala yake ya kwanza kuhusu uvimbe wa taya ilichapishwa 1958, na wasomaji wachache sana waliijali. Wataalamu wa maabara wa Mulago, Gregory O'Conor na Jack Davies, walibaini kuwa ilikuwa saratani ya mfumo wa limfu. Burkitt naye alituma vikaratasi vyenye picha na maswali kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika. Majibu yalipofika alichomeka vibanio kwenye ramani, na mkanda ukajitokeza kukatiza katikati ya bara, wenye mkia ulioshuka kando ya pwani hadi Msumbiji.

Kwa nini mkanda huo uishie pale ulipoishia? Ili apate jibu, Oktoba 1961 aliondoka Kampala pamoja na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson kwa gari kuukuu aina ya Ford. Kwa wiki 10 walisafiri maili 10,000 hivi na kuzuru hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika walionyesha picha na kuuliza kama watoto wa namna ile waliwahi kuonekana. Walitambua kwamba ugonjwa huo haukupatikana katika nyanda za juu zenye baridi, wala katika sehemu kame. Hapa Kenya, mpaka sasa, hupatikana zaidi maeneo ya Ziwa Victoria na Pwani, na ni nadra katika nyanda za juu.

Ramani hiyo ilifanana mno na ya mbu, na Burkitt akashuku kuwa wadudu ndio waliobeba virusi vya saratani. Dhana hiyo haikuwa sahihi kabisa, lakini ilikuwa na manufaa makubwa. Machi 1961 alikuwa ametoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex jijini London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti Anthony Epstein. Tangu hapo vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka wa 1964, Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kuwa wameona virusi vipya ndani ya seli hizo. Vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, na leo huitwa Epstein-Barr. Kumbe karibu kila mtu duniani huvipata, na aghalabu huenezwa kwa mate. Kinachotofautisha maeneo ni malaria. Mtoto anayeugua malaria mara kwa mara hudhoofika kinga, na virusi hivyo hupata mwanya. Chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa magharibi mwa Kenya mwaka 2019 haikubuniwa kwa ajili ya saratani, lakini kila kinachopunguza malaria kinawahusu watoto hawa.

Upande wa tiba ndio unaogusa moyo zaidi. Kisu hakikufaa, kwa kuwa uvimbe ulitapakaa, na Uganda haikuwa na mashine za mionzi. Zilibaki dawa, ambazo wakati huo zilikuwa changa. Burkitt huko Kampala na Peter Clifford jijini Nairobi, wakishirikiana na Joseph Burchenal wa Marekani, walizijaribu. Uvimbe ulinywea kwa siku chache, na baadhi ya watoto walipona kabisa, jambo ambalo madaktari wengi wa Ulaya hawakulitarajia kutokana na dawa pekee. Mwaka wa 1967 kituo cha kutibu saratani hii kilifunguliwa Mulago, nacho ndicho chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda inayohudumia wagonjwa hadi leo.

Lakini wepesi huo wa uvimbe kunywea ni mtego pia. Mzazi aliyekopa nauli, aliyewaacha watoto wengine nyumbani na shamba bila mtu, humwona mwanawe anakula na kucheza baada ya dozi ya kwanza. Huamini amepona na kurudi naye kijijini kabla ya dozi zilizobaki. Uvimbe hurudi, na mara hii huwa sugu. Ugonjwa huu hukua kwa kasi ya kutisha, kiasi cha uvimbe kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, hivyo meno yanayolegea bila sababu au tumbo linalofura ghafla ni mambo ya kupelekwa hospitalini siku hiyo hiyo. Katika nchi tajiri watoto wengi sana hupona. Kwetu idadi hiyo ni ndogo zaidi, na mara nyingi tofauti hutokana na kuchelewa, nauli, malazi ya mama na gharama za vipimo.

Burkitt alirejea Uingereza 1966 akaanza kuuliza swali lile lile kuhusu maradhi mengine. Mbona saratani ya utumbo mpana ilikuwa nadra miongoni mwa Waafrika wa vijijini na tele kwa Wazungu? Alielekeza kidole kwenye chakula kilichokobolewa, akatetea nyuzinyuzi za nafaka, maharagwe na mboga kwa ari iliyowachekesha baadhi ya wenzake, kwani alipenda kuzungumzia choo hadharani. Si kila alilodai limethibitishwa, ila ushauri wa kula nyuzinyuzi kwa wingi umebaki.

Mwaka wa 1972 alitunukiwa tuzo ya Lasker ya Marekani. Alikuwa Mkristo mcha Mungu, na mkewe Olive alimlelea mabinti watatu huku yeye akiwa safarini mara kwa mara. Alifariki Machi 23, 1993, huko Gloucester, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 82.