Malkia Caroline, Aliyeondolewa Katika Sala

Katika mji wa Brunswick, nchi ya Ujerumani, chini ya sakafu ya kanisa kuu, yamewekwa majeneza ya watawala wa zamani wa nchi ile. Moja lina mwili wa mwanamke aliyekuwa malkia wa Uingereza. Hakuzikwa pamoja na wafalme wa Uingereza, wala hakuvikwa taji yao, na kwa amri ya mume wake jina lake liliondolewa katika sala za Kanisa la nchi ile. Jina lake ni Caroline. Habari zake zilijaa magazetini wakati wake, na wengi walizisoma ili wacheke. Sisi na tuzisome kwa sababu nyingine, tupate kuona jinsi ndoa iliyofungwa kwa ajili ya deni ilivyoleta aibu juu ya taifa zima, na jinsi hata sala ilivyogeuzwa kuwa silaha.

Caroline alizaliwa Brunswick tarehe 17 Mei 1768. Baba yake baadaye alitawala nchi ile, naye alikuwa jemadari mwenye sifa. Mama yake, Augusta, alikuwa dada wa Mfalme George wa Tatu wa Uingereza. Binti huyu alikuwa mchangamfu, mwepesi wa kucheka, mwenye kupenda sana watoto. Lakini hakufundishwa kuulinda ulimi wake, wala kupima mwenendo wake mbele ya macho ya watu.

Huko Uingereza, mwana wa kwanza wa Mfalme aliitwa George kama baba yake, naye alizaliwa tarehe 12 Agosti 1762. Alikuwa mtu wa akili na wa maneno ya kupendeza, lakini hakujua kujinyima kitu. Alijenga majumba, akanunua farasi na vitu vya anasa, akafuata wanawake. Tarehe 15 Desemba 1785 alifunga ndoa kwa siri na Bibi Maria Fitzherbert, mjane, ambaye alikuwa Mkatoliki. Kwa sheria ya mwaka 1772 ndoa ile ilikuwa batili, maana Mfalme hakuikubali. Na kwa sheria ya mwaka 1701, iliyokuwa na nguvu wakati ule, mrithi aliyeoa Mkatoliki alipoteza haki ya kutawala. Kwa hiyo mambo yakafichwa, na mwaka 1787 rafiki yake Charles James Fox akaikana ndoa ile mbele ya Bunge.

Hata ulipofika mwaka 1794, madeni ya George yalikuwa yamepita paundi 600,000. Wakati ule hizo zilikuwa mali zisizohesabika kwa mtu wa kawaida. Baba yake na Bunge hawakutaka kumsaidia mpaka aoe mke wa halali na kuupatia ufalme mrithi. Basi akakubali kumwoa Caroline, binti wa shangazi yake, ambaye hakuwa amemwona hata siku moja. Alimchagua kama mtu atiaye sahihi hati ya mkopo, bila kuuliza moyo wake, wala moyo wa yule mwanamwali.

Bwana mmoja mkubwa, James Harris, aitwaye pia Lord Malmesbury, alitumwa kwenda kumleta. Aliona upesi kwamba hawa wawili hawatapatana. Akamshauri Caroline kwa upole alinde maneno yake na kuangalia usafi wa mwili wake. Lakini kazi aliyotumwa ilikuwa kuleta bibi arusi, si kuizuia arusi. Walifika Uingereza mwezi wa Aprili 1795. Mtu aliyetumwa kumlaki bibi arusi na kumhudumia alikuwa Lady Jersey, ambaye wakati ule alikuwa hawara wa bwana arusi mwenyewe. George alipomwona mchumba wake mara ya kwanza, alimkumbatia, akageuka, akaenda pembeni kuomba brandi. Tarehe 8 Aprili wakafungishwa ndoa katika kanisa dogo la jumba la St James's, London, na bwana arusi alikuwa amelewa.

Tarehe 7 Januari 1796 alizaliwa mtoto wao wa pekee, binti, akaitwa Charlotte. Siku tatu baadaye George aliandika wosia. Mali zake alimwachia Maria Fitzherbert, akamtaja kuwa ndiye mkewe. Mama wa mtoto wake mchanga alimwachia shilingi moja. Mwezi wa Aprili mwaka ule alimwandikia Caroline barua kwamba tangu sasa kila mmoja ataishi kivyake. Ndoa yao ilikuwa imedumu mwaka mmoja tu.

Caroline akahamia Blackheath, nje ya London. Huko aliwatunza watoto wa maskini, akawaweka kwa walezi na kuwafundisha. Mwaka 1802 alimchukua mtoto mchanga, William Austin, akamlea nyumbani mwake. Jirani yake mmoja, Lady Douglas, aliyekuwa kwanza rafiki, akadai kwamba mtoto yule ni wa Caroline mwenyewe, aliyemzaa katika uzinzi. Mwaka 1806 wakuu wanne wa serikali wakaamriwa kuchunguza neno hili kwa siri. Waliona kwamba mtoto ni wa mwanamke maskini, Sophia Austin, na mashtaka ya kumzaa hayana msingi. Walakini waliandika pia kwamba mwenendo wa Caroline pamoja na wageni wake wa kiume haukuwa na adabu ipasavyo. Ndivyo alivyokuwa: alionewa kwa uongo, naye mwenyewe hakujiepusha na mambo yanayowapa waongo nafasi.

Mwaka huo huo baba yake alijeruhiwa vitani akipigana na majeshi ya Napoleon, akafa mwezi wa Novemba. Mwaka 1811, Mfalme George wa Tatu alipokuwa amepotewa na akili, mwanawe akashika utawala mahali pake. Tangu hapo Caroline hakuwa na mtetezi katika jamaa ya kifalme. Ruhusa ya kumwona binti yake ikapunguzwa, ikawa mara chache sana. Mwezi wa Agosti 1814 alikubali kupewa fedha za kila mwaka, akaondoka Uingereza. Hakumwona Charlotte tena maisha yake yote.

Alisafiri Ujerumani, Italia, na Tunis, na mwaka 1816 akafika hata Yerusalemu. Huko Italia alimwajiri Bartolomeo Pergami, aliyekuwa askari zamani, kuwa mtumishi wa nyumba. Punde akampandisha cheo, akamfanya msimamizi wa mambo yake yote, akala naye meza moja. Ulaya nzima ikasema kwamba mtumishi amekuwa mpenzi wake. Mume wake alipeleka watu Milan kukusanya ushahidi kwa watumishi waliofukuzwa na wenye nyumba za wageni.

Katikati ya mambo haya ikaja huzuni iliyo kubwa kuliko zote. Charlotte aliolewa mwaka 1816 na Leopold wa Saxe-Coburg, naye alipendwa na watu wote. Tarehe 6 Novemba 1817 alikufa, baada ya kuzaa mtoto wa kiume aliyekwisha kufa. Baba yake hakumpelekea mama hata neno moja. Caroline alipata habari kwa tarishi aliyekuwa akipita kwenda kwa Papa, akazimia. Mtu hata akigombana na mkewe kwa miaka ishirini, msiba wa mtoto ni wa wote wawili. Lakini hapa hata msiba haukuwakutanisha.

Tena kifo kile kiligeuza urithi wa ufalme. Ndugu za George wakafanya haraka kuoa, na mwaka 1819 mmoja wao akapata binti, akaitwa Victoria. Ndiye aliyekuwa malkia mwaka 1837, ambaye mpelelezi Speke alilipa jina lake ziwa letu la Nyanza mwaka 1858.

Tarehe 29 Januari 1820 mfalme mzee alikufa, na mwanawe akawa George wa Nne. Kwa sheria Caroline akawa malkia siku ile ile. Katika Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza, jamaa ya mfalme hutajwa katika ibada, na Caroline alikuwa ametajwa humo miaka yote kuwa mke wa mrithi. Mwezi wa Februari Mfalme mpya akaamuru jina lake liondolewe. Basi makanisani mwote Kanisa likaamriwa kumwombea mume bila kumtaja mke.

Wengi walichukizwa na jambo hili kuliko mengine yote. Wakili mmoja wa Malkia, Thomas Denman, alikumbusha kwamba katika Litania Kanisa huwaombea wote walio wakiwa na walioonewa. Basi Malkia naye yumo katika sala ile, hata kama jina halisomwi. Huko Scotland mchungaji wa Kells, William Gillespie, alimwombea Malkia mbele ya askari wapanda farasi, na mkuu wao akaamuru ashikwe. Wachungaji wengi walitii amri. Yeye aliona kwamba mfalme hana uwezo wa kumfungia mtu mlango wa sala.

Serikali ilimwahidi Caroline paundi 50,000 kila mwaka akae mbali, asijiite malkia. Akakataa. Tarehe 5 Juni 1820 alishuka pwani ya Dover, na watu wakamlaki kwa shangwe njia yote mpaka London. Hawakuwa wote wanamwona kuwa mtakatifu. Lakini walimjua mfalme aliyekuwa na mahawara mmoja baada ya mwingine, huku akitaka kumwacha mkewe kwa sababu ya uzinzi. Wanawake wa miji mingi walimwandikia Malkia kumfariji, maana waliona kwamba mke wa mfalme akiweza kutupwa hivi, mke wa fundi au wa mkulima hana kinga yo yote.

Mwezi wa Julai mswada uliletwa Bungeni wa kumvua umalkia na kuivunja ndoa yake. Shauri lilianza kusikilizwa tarehe 17 Agosti mbele ya baraza la Malodi. Mtumishi Teodoro Majocchi alikumbuka vema mambo yote ya kumshtaki Malkia. Lakini wakili Henry Brougham alipoanza kumwuliza, akajibu tena na tena kwamba hakumbuki, hata watu wakamfanyia mzaha nchi nzima. Denman naye, katika hotuba yake ya mwisho, alitaja habari ya yule mwanamke aliyeletwa kwa Bwana Yesu akishtakiwa uzinzi, ambaye Bwana hakumhukumu. Alitaka kumtetea Malkia, lakini wasikilizaji walikumbuka kwamba mwanamke yule hakuwa bila hatia. Hata hivyo Mfalme na wale waliomtumikia hawakupata njia ya kulikimbia swali la nani mwenye haki ya kutupa jiwe la kwanza.

Tarehe 10 Novemba 1820 Malodi 108 walikubali mswada, na 99 waliukataa. Kwa kuwa walizidi kwa watu tisa tu, serikali ikajua kwamba baraza la chini litaukataa, ikauondoa. London ikawashwa taa siku tatu kwa furaha. Lakini furaha ya makutano ni fupi. Mwaka uliofuata Caroline alizikubali zile paundi 50,000 kwa mwaka, na wengi wakapoa moyo.

Tarehe 19 Julai 1821 George wa Nne alivikwa taji katika kanisa la Westminster, kwa fahari iliyogharimu zaidi ya paundi 200,000. Asubuhi na mapema Caroline alifika na gari lake. Alikwenda mlango huu na mlango huu, na kila mahali walinzi wakamzuia. Baadhi ya watu walimshangilia, wengine wakamzomea. Akarudi nyumbani. Siku chache baadaye akashikwa na ugonjwa wa tumbo, naye akafa tarehe 7 Agosti, akiwa na umri wa miaka 53.

Katika wosia wake aliomba azikwe Brunswick, na jeneza liandikwe kwamba yeye ni Malkia wa Uingereza aliyedhulumiwa. Tarehe 14 Agosti serikali ilitaka mwili uzungushwe nje ya mji wa London. Watu wakaziba njia, askari wakapiga risasi, na watu wawili wakafa. Mwisho jeneza likapitishwa katikati ya mji. Huko Colchester rafiki zake walilipigilia bamba lenye maneno aliyoyataka, na maofisa wakaling'oa. Basi akarudi kwao, akalazwa karibu na baba yake.

George aliishi hadi tarehe 26 Juni 1830. Alipozikwa, shingoni mwake ilikuwepo picha ndogo ya Maria Fitzherbert. Kumbe moyo wake ulikuwa huko miaka yote. Kwa ajili ya kulipa deni alikuwa amewadhulumu wanawake wawili: mmoja alimficha, mwingine alimfukuza.

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi walimu wa dini mnaowatayarisha vijana kwa ndoa, msiache kuwauliza kwa upole kama wanakuja kwa hiari yao, au kuna deni la mtu linalowasukuma. Tena katika kila usharika wamo watu ambao majina yao yanatajwa kwa kunong'onezana, na pengine wana makosa kweli. Caroline naye alikuwa nayo. Tunapoyaonya makosa yao, tusiyaondoe majina yao katika maombi yetu, maana siku ya kuyaondoa ndiyo siku wanapoyahitaji zaidi.