Kabla ya kuwa Bruce Lee, alikuwa dere tu

Wewe wa Makutano Meru ama Majimbo Embu, Bruce Lee unamjua kwa zile muvi za kung fu. Lakini ulijua TV ya Marekani ilimwanzisha kama dere? Si wa mathree ya Embu–Meru, wa supahiro. Mwaka wa 1966 ABC ilileta The Green Hornet, kipindi cha wale watengenezaji wa Batman. Stelingi alikuwa Van Williams. Bruce, kijana wa miaka 25, akapewa Kato: vaa maski, endesha gari, ongea kidogo.

Shida ikawa mikono. Alikuwa fasta mpaka kamera haimshiki, ikabidi aambiwe apunguze spidi. Noma sana! Watoto nao wakampenda Kato kuliko bosi wake. Mwaka wa 1967 wakapelekwa kwa Batman, na inasemekana Bruce alikataa katakata Kato apigwe na Robin. Robin, kweli? Vita ikaisha droo.

Kipindi kilikatwa baada ya sehemu 26. Hollywood ikamwacha hivyo hivyo na vijirole vidogo. Lakini Hong Kong, alikolelewa, walikiita kipindi cha Kato. Akarudi huko, na 1971 The Big Boss ikamfanya stelingi mwenyewe. Alidedi 20 Julai 1973, miaka 32, Enter the Dragon haijafika sinema.