Sir David Bruce: Askari Aliyewinda Ndorobo

Askari awekwaye zamu mpakani Busia au Malaba huona makundi ya ng'ombe yakiswagwa kwenda minadani. Mnyama aweza kuonekana mzima kabisa, kumbe damuni mwake mna vijidudu vya malale. Aliyeufumbua ulimwengu macho juu ya vijidudu hivyo alikuwa askari pia: Sir David Bruce, daktari wa Jeshi la Uingereza.

Bruce alizaliwa Melbourne, Australia, tarehe 29 Mei 1855, akakulia Scotland. Aliacha shule akiwa na miaka 14 akaajiriwa ghalani Manchester, kisha akasomea udaktari Edinburgh na kuhitimu mwaka 1881. Mwaka 1883 alijiunga na jeshi na kumwoa Mary Steele. Mama huyu alifuatana naye katika safari zote za utafiti, akishika hadubini na kuchora alichokiona. Twaona si haki kumsifu mume na kumsahau mke.

Huko Malta, mwaka 1887, Bruce alitangaza kijidudu cha homa iliyokuwa ikiwaangusha askari. Mwaka 1894 alipelekwa Zululand, ambako nagana ilikuwa ikimaliza ng'ombe. Humo aligundua kwamba maradhi yale yaletwa na kijidudu kichukuliwacho na ndorobo. Mwaka 1899 kikaitwa kwa jina lake, Trypanosoma brucei.

Mwaka 1903 alifika Entebbe, malale yakifyeka watu wa Busoga na pwani za ziwa. Castellani alikuwa amekwisha kuviona vijidudu katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Bruce, akisaidiwa na Katikiro Apolo Kagwa, aliwaomba machifu wakusanye nzi kutoka kila upande. Ramani ya ndorobo ilipowekwa kando ya ramani ya ugonjwa, zikalingana. Bila mikono ya raia wale, ramani hiyo isingalipatikana.

Lakini fumbo moja lilibaki. Mbona kijidudu cha nagana chaua ng'ombe, na mwanadamu hakimdhuru? Jibu limo katika mafuta ya damu.

Kila chembe hai imezungukwa na utando wa mafuta yaitwayo lipidi. Kila lipidi ya utando ina kichwa kipendacho maji na mikia iyachukiayo. Zikiwa majini hujipanga safu mbili, mikia ikielekeana ndani, vichwa vikitazama nje, na hapo hufanyika ukuta laini usiopitisha chumvi ovyo. Kolesteroli huuimarisha, lipidi za aina nyingine ni akiba ya nguvu. Kijidudu nacho kina ukuta huohuo, na juu yake huvaa koti la protini lililotiwa nanga kwa lipidi. Kinga ya mwili ikilitambua koti, hubadili jingine, kama mhalifu abadilishaye nguo kila kizuizini.

Kwa kuwa mafuta hayachanganyiki na maji, damu huyabeba katika vifurushi vidogo vilivyozungushiwa protini. Kijidudu hunyakua vifurushi hivyo kwa chakula. Katika vile vya mwanadamu mna protini iitwayo apolipoprotini L1, na ng'ombe hana. Ikishamezwa, hutoboa tando za kijidudu; chumvi na maji huingia, nacho huvimba na kufa. Hata katika vita vya kale, mbinu ya kumficha adui ndani ya zawadi haikuzidi hii.

Hata hivyo kipo kijidudu kiwezacho kumwua mtu, rhodesiense, ambacho katika miaka ya 1980 kilisumbua sana Busoga na Tororo. Bruce alikichunguza Nyasaland, Malawi ya leo, kati ya 1911 na 1914, akashikilia kuwa ni kilekile cha nagana. Wengi walimpinga. Alifariki tarehe 27 Novemba 1931, siku nne baada ya mkewe, ubishi haujakwisha. Mwaka 1998 watafiti walionyesha kwamba jeni moja tu, SRA, yatosha kukipa kijidudu cha nagana uwezo wa kuishi katika damu ya mtu. Mwaka 2003 ikajulikana kuwa protini ya jeni hiyo huikamata ile apolipoprotini isitoboe kitu. Mzee alikuwa amekaribia sana ukweli.

Desemba ya mwaka huohuo wa 1998, malale yalizuka Soroti, mahali yasipojulikana hapo kabla. Watafiti walipofuatilia, nyayo ziliwafikisha kwenye mnada wa ng'ombe, walikouzwa wanyama waliotoka maeneo yenye ugonjwa.