Daktari Stirling, Mpasuaji wa Lulindi Aliyeingia Bungeni

Wewe uliyeko Palma, Quionga au Mocímboa da Praia, ukivuka Ruvuma kwa Kilambo ukafika Mtwara, kisha ukashika njia ya bara kwenda Masasi, utafika Lulindi. Ni nchi ya Wamakua, Wayao na Wamakonde, watu wale wale tulio nao huku ng'ambo.

Hapo ndipo alipokuja Leader Stirling mwaka 1935. Alizaliwa Uingereza 1906, akasomea udaktari London, akaletwa na misheni ya Kianglikana ya UMCA. Mwaka 1949 akawa Mkatoliki, akahamia hospitali ya Wabenediktini huko Mnero, Nachingwea. Tuseme wazi mapema: hakuwa mtu wa ushirika wetu. Lakini endelea kusoma.

Lulindi alipasulia watu katika majengo ya udongo yaliyoezekwa nyasi. Mpasuaji mmoja na eneo lote lile, wagonjwa wanabebwa kwa machela toka vijijini! Mikono miwili haikutosha, basi akaanza kuwafundisha uuguzi vijana wa pale pale.

Alihudumia pia wenye ukoma, na hapa nataka tukae kidogo. Ukoma hauli vidole kama watu wanavyosema. Unaua hisia. Mama anashika sufuria ya moto hasikii, anakanyaga mwiba hajui, kidonda kinaoza, ndipo vidole vinapotea. Dawa ya vidonge, dapsone, ilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1940. Lakini kidonge hakirudishi kidole kilichokwisha kupotea. Mtu anapona, na kilema kinabaki. Sasa huyu tunamfanyaje? Wapo kwetu wanaomwambia mlemavu kwamba imani yake haitoshi, wakamweka nyuma kabisa ya kusanyiko. Ndugu, tuache. Na anayemficha mgonjwa asipelekwe zahanati kwa kisingizio cha maombi, naye aache. Maombi hayajawahi kugombana na dawa.

Siasa aliingiaje? Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 sheria ya mkoloni ilimtaka kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. TANU ikatafuta Wazungu iliowaamini, na Stirling akaingia Baraza la Kutunga Sheria. Baada ya Uhuru akachukua uraia, akabaki bungeni miaka mingi. Mwalimu Nyerere akamfanya Waziri wa Afya, 1975 hadi 1980.

Ni miaka ambayo serikali ilikuwa ikisukuma zahanati na vituo vya afya kwenda vijijini. Mwaka 1977 ikapita pia sheria ya kuzuia hospitali za watu binafsi za kutafuta faida, iliyokuja kulegezwa 1991. Wengine hawakuipenda, na mimi naona ilibana mno. Ila mtu aliyewahi kupasua chini ya paa la nyasi, bila shaka alijua maskini anaumwa vipi.

Alifariki 2003, ana miaka 97. Aliacha vitabu vya maisha yake. Cha 1947 kinaitwa Bush Doctor, yaani daktari wa porini. Cha 1977, jina lake ni Tanzanian Doctor.