Barry Evans: ‘Bw Brown’ aliyetuchekesha na kuishia kuendesha teksi

KAMA ulikuwa mtoto miaka ya themanini, na nyumbani kwenu au kwa jirani asiyefukuza watoto wa watu palikuwa na runinga, basi unamfahamu Bw Brown. Ni yule mwalimu mwembamba mwenye sura ya mvulana, tai shingoni, aliyesimama mbele ya darasa la watu wazima kutoka pembe zote za dunia akijaribu kuwafunza Kiingereza, nao wakimvurugia kila sentensi.

Kipindi chenyewe kiliitwa Mind Your Language, nasi tulikipata kupitia VOK, kituo kilichobadilishwa jina kuwa KBC mwaka wa 1989. Kijijini kwetu kulikuwa na runinga moja ya picha nyeusi na nyeupe iliyotumia betri ya gari. Moto wa betri ukiisha kabla ya kipindi kumalizika, kuna mzee mmoja aliyekuwa akituigizia yaliyobaki. Alimwiga Singh kuliko Singh mwenyewe.

Jina halisi la mwalimu huyo lilikuwa Barry Evans. Alizaliwa Guildford, kusini mwa Uingereza, Juni 18, 1943, vita vya pili vya dunia vikiwa vimepamba moto. Wazazi wake walimtelekeza angali mchanga, akalelewa katika makao ya watoto ya shirika la Barnardo. Kipaji chake cha kuigiza kilionekana mapema, na alipofikisha umri wa ujana akapata ufadhili uliobeba jina la mwigizaji maarufu John Gielgud kwenda kusomea kazi hiyo katika chuo cha Central School of Speech and Drama, London.

Bahati ilimwangukia kwenye sinema ya Here We Go Round the Mulberry Bush, iliyotoka mwanzoni mwa 1968. Humo aliigiza kijana anayesambaza bidhaa za duka kwa baiskeli huku mawazo yake yote yakiwa kwa wasichana. Sinema hiyo ilichaguliwa kushindana katika tamasha la Cannes mwaka huo, lakini maandamano yaliyotikisa Ufaransa mwezi Mei yakalivunja tamasha kabla halijamalizika. Ukitaka kuona mkosi wa Evans ulipoanzia, unaweza kuanza hapo.

Mwaka wa 1969 runinga ilimwita. Kampuni ya LWT ya London ilimpa nafasi ya Michael Upton, mwanafunzi wa udaktari katika Doctor in the House, kipindi kilichotokana na vitabu vya Richard Gordon. Kilipendwa sana, kikafuatwa na Doctor at Large mnamo 1971. Kisha Evans akafanya jambo ambalo waigizaji wengi hulijutia. Aliondoka. Kipindi kiliendelea bila yeye, mwenzake Robin Nedwell akashika usukani, naye Evans akabaki akitafuta kazi.

Shida yake ilikuwa uso. Alikuwa ametimiza miaka thelathini lakini bado alionekana mvulana wa shule, kwa hivyo watayarishaji hawakujua wamweke wapi. Alipata sinema ndogo ndogo za mizaha ya chumbani, mojawapo ikiwa Adventures of a Taxi Driver ya 1976, ambamo alikuwa mhusika mkuu. Mwenye kuamini ishara na aamini.

Hapo ndipo alipokuja Vince Powell, mwandishi aliyekuwa amezoea kuchekesha Waingereza kuhusu rangi na utaifa. Ni yeye na mwenzake Harry Driver walioandika Love Thy Neighbour mwaka wa 1972, kipindi cha jirani Mzungu na jirani Mweusi wanaotukanana juu ya ua. Safari hii Powell alibuni shule ya jioni jijini London, darasa la wageni, na mwalimu mpole anayechukua mahali pa mwenzake aliyerukwa na akili. Mind Your Language ilianza kuonyeshwa Desemba 30, 1977. Evans alikuwa na miaka 34.

Tuseme ukweli kuhusu ucheshi wenyewe. Mjapani aliinama kila alipotaka kusema neno. Mchina alitembea na kitabu chekundu cha Mwenyekiti Mao. Mjerumani hakujua mzaha ni nini, Mfaransa alimrembulia mwalimu macho, na Mhispania alijibu kila swali kwa maneno mawili yale yale. Ali wa Pakistan na Ranjeet Singh waligombana kila siku, na Jamila wa India aliketi akifuma sweta. Kila taifa lilipewa kasoro moja na kuishi nayo hadi mwisho.

Lakini waliowaigiza hawakuwa Waingereza waliojipaka rangi, kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo. Dino Shafeek, aliyekuwa Ali, alizaliwa Dhaka. Albert Moses, aliyekuwa Singh, alitoka Sri Lanka. Pik-Sen Lim alizaliwa Malaysia, Françoise Pascal akazaliwa Mauritius, na Kevork Malikyan, yule Mgiriki Max, alikuwa Muarmenia wa Uturuki. Kwa waigizaji wa namna hiyo, nafasi katika runinga ya Uingereza ya miaka ya sabini zilikuwa chache mno. Evans ndiye aliyekuwa kiungo chao. Ukitazama vizuri, yeye hatoi mzaha karibu wowote. Kazi yake ni kusikiliza, kukunja uso, kurekebisha, kisha kushindwa, bila kumdharau yeyote. Mwalimu mwenye kejeli angekifanya kipindi kile kisitazamike.

Kilidumu misimu mitatu, vipindi 29, kisha mwaka wa 1979 kikazimwa. Michael Grade, mmoja wa wakubwa wa LWT, aliona mzaha ule unawadhalilisha wageni. Tukumbuke hali ilivyokuwa: Wahindi wa Kenya walikuwa wamemiminika Uingereza mwishoni mwa miaka ya sitini, wale wa Uganda wakafukuzwa na Idi Amin mwaka wa 1972, na chama cha National Front kilikuwa kikiandamana barabarani kikitaka watu kama hao warudishwe walikotoka. Mtoto wa Singasinga aliyechekwa kwa lafudhi yake shuleni Jumatatu hakuwa akitazama kipindi kile kama sisi.

Binafsi naona Grade alikuwa na sababu, ingawa mimi nilicheka na bado nacheka. Ajabu ni kwamba kipindi kilichofungwa kwa kuwatusi wageni kilipendwa zaidi huko huko kwa hao wageni: India, Pakistan, Sri Lanka, Malaysia, na kwetu Kenya. Labda sisi tulikuwa na raha kwa sababu darasa lile la awali halikuwa na Mwafrika. Au labda kwa sababu kila mmoja wetu aliwahi kusimama mbele ya mwalimu, Kiingereza kikamkwama kooni. Na lafudhi za makabila yetu tumezichekea jukwaani miaka nenda miaka rudi, hadi ghasia za 2007 na 2008 zikatufanya tuanze kuuliza nani anacheka na nani anachekwa.

Kwa Evans, kufungwa kwa darasa kulikuwa pigo lisilopona. Kipindi kilifufuliwa mnamo 1986 na watayarishaji wa kibinafsi, lakini ni baadhi tu ya vituo vya ITV vilivyokionyesha. Shafeek hakuwepo, kwani alifariki mwaka wa 1984, na hata Tommy Godfrey, yule Sidney mtunza shule, alifariki mwaka huo huo. Baada ya hapo simu za kazi zilikoma.

Mtu ambaye uso wake ulijulikana Nairobi, Colombo na Karachi alihamia kijiji cha Claybrooke Magna katika jimbo la Leicestershire, akajipatia riziki kwa kuendesha teksi. Makao makuu ya jimbo hilo ni mji wa Leicester, ambao baraza lake lilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda mwaka wa 1972 likiwasihi Wahindi wasije, nao wakaja kwa maelfu, wakafungua maduka na kubadilisha sura ya mji. Wanafunzi halisi wa Bw Brown, ukipenda, walikuwa mlangoni pake.

Februari 1997 polisi walifika kwenye nyumba yake kumwarifu kwamba gari lake lililokuwa limeibwa limepatikana. Walimkuta amekufa. Alikuwa na umri wa miaka 53. Kijana mmoja alikamatwa, lakini akaachiliwa kwa ukosefu wa ushahidi wa kutosha. Afisa wa kuchunguza vifo alisikiliza yote yaliyopatikana na kutoa uamuzi wa wazi, yaani hakusema aliuawa, hakusema alijiua, wala hakusema ilikuwa ajali. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa kifo chake.